Sauti Chini ya Jukwaa

"Sema, Lida. Watu wanangoja," Ostap alinong'ona, akiwa amemshika mkono.

Lida alikuwa amesahau maneno ya mchezo. Alivaa shela ya bibi harusi; Ostap, dereva wa trekta, ndiye aliyekuwa bwana harusi. Pale shambani kwetu, nyikani Kazakhstan tulikokwenda kufungua ardhi mpya, kila mtu alijua kwamba baada ya mchezo ule wangeoana kweli.

Lida akatazama kishimo cha mbele ya jukwaa. Humo hukaa mtu wa kuwanong'oneza waigizaji wakisahau. Zamani alikuwa Genrikh, mchumba wake. Mwezi Desemba Ostap alimpeleka stesheni kwa trekta, akarudi na habari moja tu: "Kapanda treni, Lida. Kakuacha." Tangu hapo kishimoni alikaa Kulyash, mpishi wetu.

Sauti ikatoka. Haikuwa ya Kulyash.

"Muulize alinishusha wapi."

Lida akamgeukia Ostap. Uso wa Ostap ulikuwa umesawijika.

"Umesikia?"

"Endelea na mchezo."

"Ulimshusha wapi?"

Watu wakacheka, wakidhani ndivyo mchezo ulivyo. Ostap akaachia mkono wake.

"Kwenye zizi bovu la kondoo. Tuligombana njiani kwa ajili yako. Nikamwambia ashuke, amalizie kwa miguu. Kisha tufani ya theluji ikaanza. Nilirudi kumtafuta. Sikumwona."

"Ulirudi lini?"

"Kesho yake."

Kicheko kikakatika. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia Kulyash akikung'uta theluji mabegani.

"Jamani, mmeanza bila mimi? Nilikuwa jikoni nahangaika na samovari ya chai."

Tukainamia kishimo. Kulikuwa na kigoda kitupu, na baridi iliyotuuma mashavu.

Asubuhi tulichimba theluji kandokando ya zizi. Genrikh alikuwa ameegemea ukuta, magoti kifuani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Lida alimfuta barafu kwenye kope, hakulia.

Askari walipompandisha Ostap garini, alimwita.

"Lida, nilifanya vile kwa kuwa nilikupenda."

"Najua," Lida akasema. "Na mimi nilikuwa nimeanza kukupenda. Hilo ndilo ambalo sitakusamehe."