Nichagulie Kitabu cha Likizo

"Unataka kitabu gani, kaka?"

"Cha mke wangu. Asome likizo hii."

"Anapenda vitabu vya namna gani?"

Fundi akabaki ameshika ukingo wa meza kwa mikono yake iliyojaa alama za cheche. Miaka yote hiyo wanaishi pamoja, kila jioni anamwona mkewe kajikunja kwenye kochi na kitabu, naye hajui hata kimoja kilihusu nini.

"Vya... vya kusoma," akasema.

Dada wa duka akajizuia asicheke. "Kaka, vyote humu ni vya kusoma. Si umuulize mwenyewe?"

Laiti angejua! Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha. Mkewe, ambaye Fundi alimwita Mwalimu hata nyumbani, alifundisha fasihi sekondari. Mtoto wao wa kwanza, binti, hakumaliza hata wiki moja duniani. Maziko yalipokwisha tu, Fundi akarudi karakana. Mwalimu akasubiri mumewe alie, au angalau aseme neno. Wapi! Mwisho akafungasha begi akaenda kwa mama yake.

"Nimechoka kuomboleza peke yangu," ndilo neno alilomwachia.

Tangu hapo, kila Fundi akipiga, simu inapokelewa na mama mkwe.

Akatoka nje, akasimama kibarazani, akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yupo, ila si unajua hali yake. Hataki maneno."

"Mwambie sina ugomvi, mama. Niko duka la vitabu. Naomba anichagulie kitabu."

Zikasikika ndala zikija mbio.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mwalimu mwenyewe.

"Duka la vitabu."

"Unawachomelea madirisha?"

"Hapana. Nimekuja kukununulia kitabu. Nimeulizwa unapenda nini, nikakosa jibu. Nimeona aibu, Mwalimu. Sasa niambie kile unachokipenda kuliko vyote, nikisome mimi."

"Wewe? Wewe unayesinzia na gazeti usoni?"

"Mimi huyuhuyu."

"Mpe simu muuzaji," Mwalimu akasema.

Fundi akarudi ndani, akampa dada simu, na wanawake wale wakazungumza mpaka wakamsahau mwenye simu. Aliporudishiwa, alikabidhiwa na riwaya moja nene, hadithi ya seremala na mkewe waliohamia mji mgeni.

Karakana ilifungwa kwa likizo. Fundi akavuta kiti dirishani akaanza, kidole chini ya mstari. Jioni akatuma ujumbe:

"Huyu seremala mbona hasikii la mtu?"

Jibu likaja: "Wewe soma. Na usiruke kurasa."

Kesho yake: "Jirani ndiye aliyechoma ghala. Nimeshamjua."

"Umekosea. Hii si hadithi ya polisi, Fundi!"

Akaisoma mara mbili mbili ile "Fundi". Mkewe alikuwa hajamwita hivyo siku nyingi. Baadaye Mwalimu ndiye akawa wa kwanza kutuma: "Umefika wapi?" Fundi akijibu kwa vituko vyake, anaandikiwa kicheko. Nyumba ile kubwa ikaanza kupungua baridi.

Kisha akafika pale ambapo mtoto wa seremala anafariki. Seremala anatoka makaburini, anakwenda moja kwa moja kupiga randa meza ya watu. Mkewe amesimama mlangoni, anamtazama mgongo.

Fundi akafunga kitabu. Akakifungua tena, akarudia ukurasa uleule. Akapiga simu.

"Ulinichagulia makusudi?"

Mwalimu akavuta pumzi. "Ndiyo. Nilishindwa kukuambia kwa mdomo wangu. Nikasema labda kitabu kitaweza."

"Huyu seremala ni mimi."

"Ni wewe mtupu. Ulirudi kazini kama mtu aliyefiwa na paka wa jirani."

"Mwalimu, unamkumbuka yule mteja aliyelalamika geti lake haliishi?"

"Namkumbuka. Alikuja hadi nyumbani."

"Lingeishaje? Sikuwa nachomelea. Nilikuwa navaa maski, mashine imezimwa, nalia humo ndani. Nikiivua, wenzangu wataniona. Nikija nyumbani nakukuta macho yamevimba, naona nikikuongezea na langu utaanguka. Nikajua nakusaidia kubeba mzigo."

Mwalimu akaketi kitandani, simu sikioni.

"Nilidhani hukumpenda," akasema.

"Nani, binti yangu? Alinishika kidole hiki cha shahada, Mwalimu. Alikishika akakataa kukiachia, mpaka muuguzi akacheka. Hadi leo nikishika nyundo nahisi mkono wake."

Hapo wote wawili wakaangua kilio. Mama mkwe akaingia chumbani na mwiko mkononi.

"Amekutukana?"

"Hapana, mama. Analia."

"Nani, Fundi?" Mama akaushusha mwiko. "Basi mwache alie, mwanangu. Alichelewa." Akaurudisha mlango taratibu.

Keshoye mchana, Fundi alikuwa stendi ya mabasi, shati limepigwa pasi upande mmoja. Mwalimu akashuka na begi lake. Wakatazamana kama wachumba.

"Umekuja likizo?" Fundi akauliza kwa woga.

"Nimerudi nyumbani." Akamshika mkono. "Asante kwa kupiga simu ile."

"Asante wewe uliyepokea. Na asante kwa kitabu. Bila kile ningekufa na maski yangu usoni."

"Umekimaliza?"

"Zimebaki kurasa chache. Niliogopa kuzisoma peke yangu."

Walipofika nyumbani wakakaa kochi moja. Fundi akasoma kwa sauti, akijikwaa hapa na pale, na Mwalimu, ambaye darasani hakuacha kosa lipite, hakumsahihisha hata neno moja. Seremala wa kitabuni alichelewa kusema, mkewe akaondoka asirudi. Fundi akafunga kitabu, akakiweka mapajani.

"Mimi nimebahatika," akasema.

"Tumebahatika."

Tangu siku ya maziko hakuna aliyethubutu kulitamka jina la binti yao ndani ya nyumba ile. Fundi akalitamka. Akajikwaa katikati, akalianza upya, akalimaliza. Mwalimu akamwegemea begani, naye akalitaja, taratibu. Kisha akasema:

"Haya, niambie tena kuhusu kile kidole."