Kadi ya Pedeli Iliyokatika

Maiti ilikuwa imelala chali chini ya meza ya kazi, mguu mmoja umekunjwa, kandambili moja iko mbali kidogo kana kwamba mwenyewe ameivua apumzike.

Inspekta alichuchumaa. Magoti yalimlia. Hii ilikuwa maiti yake ya tatu wiki hiyo, na wiki ilikuwa bado changa.

"Kateleza," alisema koplo, akiangalia sakafu yenye mafuta. "Kagonga kisogo kwenye jiriwa. Mkuu anasema ikiwezekana tufunge jalada leo leo. Ajali."

"Mkuu yuko hapa?"

"Hapana, afande."

"Basi tusimchoshe."

Marehemu watu walimwita Mzee Jicho. Wenye pikipiki kuukuu, zile ambazo viwanda vyake vilishafungwa, walimletea vipuri visivyo na chapa wala namba. Alivipima, alivigeuza mwangani, kisha akawaambia kila kimoja kinaingia wapi na kimetoka mkononi mwa nani. Ukuta mzima ulijaa vipuri vilivyotundikwa, kila kimoja na kadi yake iliyofungwa kwa waya. Katika kila kadi, mistari mitatu ya penseli: kinaingia wapi, nani alikitengeneza, kina tatizo gani.

Kwenye jiriwa, kile chombo cha kubania vyuma mezani, palibanwa kipuri kimoja tu, pedeli ya breki iliyokatika katikati. Waya ulikuwepo. Kadi ilikuwa imechanwa, ikabaki sehemu ya chini penye waya, iliyolowa mafuta meusi hata maandishi hayasomeki.

"Vipuri mia mbili vina kadi," alisema Inspekta. "Hiki kimenyang'anywa ya kwake."

"Labda ilichanika yenyewe."

"Na jiriwa nayo ilijifagia yenyewe?"

Koplo aliinama. Meza yote ilikuwa na chenga za chuma, lakini jiriwa ilikuwa safi, skrubu yake imetiwa mafuta. Kwenye kitako chake palikuwa na damu iliyokauka. Juu ya damu, tone la mafuta.

"Mafuta yako juu ya damu," alisema koplo polepole. "Afande, mtu kaua, halafu kashika brashi akafanya usafi?"

"Sidhani kama alijua anafanya. Mikono yake ndiyo ilijua."

Kipande cha kadi kilipelekwa maabara. Daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu asubuhi yake, sauti imechoka kama ya Inspekta.

"Kifuani ana michubuko miwili. Viganja. Huyu kasukumwa."

Mjane aliwapokea sebuleni akiwa na khanga mbili mabegani, ingawa hakukuwa na baridi. Inspekta alimwonyesha pedeli ndani ya mfuko wa ushahidi.

"Mama, hii ni ya nani?"

Mama alikaa kwanza.

"Ya mwanangu. Miaka miwili sasa. Alikuwa akishuka mteremko, breki ikamkatalia. Wenzako wakaandika mwendo kasi." Aliutazama ukuta. "Baba yake alikataa. Alisema mwendo hauwezi kukata chuma. Alitambua vipuri vya watu wote, hiki kikamshinda. Mpaka juzi. Juzi alikula akamaliza sahani. Nikajua kampata aliyekitengeneza."

"Alikutajia jina?"

"Alisema azungumze na mwenyewe kwanza. Mimi sitaki makubwa, mwanangu. Mfunge, msimfunge, shauri yenu. Nataka kujua tu."

Inspekta alikunja daftari. Alilikumbuka jalada lile. Alilimaliza kwa dakika kumi, siku aliyokuwa hoi kama leo. Sahihi ya chini ilikuwa yake.

Alimwambia koplo waende dukani kwa Mama Spea, muuza vipuri vya pikipiki.

Mama Spea aliivaa miwani yake kwa madaha. "Hii haijatoka kiwandani. Ya kiwandani ina mshono ubavuni, kama suruali. Hii imekatwa kwenye bamba, na mtu." Koplo alimpa glavu; akapitisha kidole kwenye tundu la pedeli. "Mh! Kalainisha kingo huku ndani, pande zote mbili. Nani anajisumbua hivyo pasipoonekana?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, mama."

Tabasamu lilitoweka usoni mwake. "Afande, mimi ni mfanyabiashara. Huyo mtu ananitengenezea vitu."

"Kuna mjane, mama. Naye ana swali moja tu."

Mama Spea alivua miwani. "Mkereza. Fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, wa karakana ya nyuma. Ndiye anayelainisha hivi. Ndiye asiyeweza kuacha mashine bila kuifagia na kuitia mafuta. Hata akija kusalimia, atapiga brashi jiriwa yako kabla ya kuaga. Tunamcheka kila siku. Lakini si yeye, afande! Yeye na marehemu ni chanda na pete. Kabeba jeneza la yule kijana mbele kabisa!"

"Mbele kabisa," alirudia Inspekta.

Walimkuta Mkereza amekaa kando ya mashine iliyozimwa. Alisimama bila kuulizwa, akafunga mlango, akawafuata.

Katika chumba cha mahojiano, Inspekta aliweka mezani bahasha ya maabara, iliyofika saa moja kabla. Alikuwa ameshaisoma. Juu yake akaweka pedeli.

"Jana saa nane mchana ulikuwa wapi?"

"Karakanani."

"Na nani?"

"Na mashine."

"Mashine haitoi ushahidi."

"Ungeijua, usingesema hivyo."

"Hii ni kazi ya nani?"

"Pedeli ziko nyingi."

"Zilizolainishwa tunduni pande zote mbili?"

Mkereza aliteremsha mikono chini ya meza.

"Jiriwa ya rafiki yako tuliikuta safi, mzee. Mafuta yako juu ya damu yake."

Koplo aliacha kuandika.

"Niliifagia?" aliuliza Mkereza.

"Uliifagia."

"Sikumbuki."

"Najua."

Mzee alilia bila sauti, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwingine.

"Kijana alikuja kwangu kwa siri," alisema. "'Baba mdogo, nitengenezee pedeli, baba asijue, nataka kumshtukiza, aione pikipiki inatembea.' Nikamtengenezea. Nikampa na baraka zangu. Baada ya wiki moja tukamzika. Miaka miwili nimekwenda pale kila alasiri. Nakunywa chai yao. Namtazama rafiki yangu akikigeuza kile chuma, akiniuliza, 'Kaka, huyu fundi ni nani?' Nami nasema sijui."

"Na jana?"

"Jana aliniita. Kadi ilikuwa imeshafungwa. Akasema, 'Kaka, nimempata.' Nikaliona jina langu. Sikumwacha aongeze neno. Nikaivuta kadi, akanishika mkono, nikamsukuma. Sikutaka afe. Nilitaka asijue. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani, afande, na nilitaka asijue."

Alitoa mfukoni kipande cha kadi kilichokunjamana, akakisukuma mbele. "Sijaisoma zaidi ya jina."

Inspekta angeweza kuiacha bahasha imefungwa. Ungamo lilikuwa limeshapatikana. Aliifikiria huruma ya kumficha ukweli, akaona ni kufichana kulekule kulikomwua Mzee Jicho. Akatoa kipande kilichosafishwa, akakiunganisha na kile cha mzee. Pande zilizochanika zilikutana sawasawa.

Akasoma: "'Inaingia pikipiki ya mwanangu. Imetengenezwa na Kaka Mkereza.'" Akashusha kidole kwenye kipande cha chini. "'Ufa ulikuwa ndani ya bamba la chuma tangu linatoka kiwandani. Hakuna jicho lingeuona, hata langu. Kaka hana kosa. Nimwambie, alale.'"

Mkereza aliuliza, kwa sauti ya mtoto, "Alitaka kuniambia hivyo?"

"Ndicho alichokuitia."

Alipochukuliwa kwenda mahabusu alisimama mlangoni, akarudi hatua moja, na kwa kiganja akafagia meza pale palipoanguka chenga za kutu kutoka kwenye pedeli. Hakuna aliyemkataza.

Jioni Inspekta alikwenda kwa mjane na majalada mawili. Alimweleza la jana. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Jana nilimwekea Mkereza kikombe chake cha chai," alisema. "Nikashangaa mbona kachelewa."

"Mama, kuna jingine." Inspekta alifungua jalada la zamani. Maneno *mwendo kasi* yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni yake, kwa wino mpya: *ufa ndani ya chuma, mwendeshaji hana kosa*. "Aliyeandika mwanzo ni mimi. Nilikuwa nimechoka, na sikutazama."

Mama aliligeuza jalada, akalisogeza mwangani kama mumewe alivyokuwa akifanya.

"Hata leo umechoka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini leo umetazama." Akamrudishia jalada. "Kaa chini. Nisomee tena hapo ulipoandika hana kosa."