Jina Alilopewa Hidaya

Kidakaishara kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Mtu alikibandika kando ya jicho, na papo hapo mikono ya kiziwi aliyekuwa karibu iligeuka sauti sikioni mwa mvaaji, laini na yenye adabu. Akijibu kwa mdomo, kilichora hewani mikono ya nuru iliyoyasema maneno yake kwa ishara. Tanga nzima ilikivaa, madaktari kwa wauza samaki. Madarasa ya lugha ya ishara yakafungwa moja baada ya jingine, maana nani tena angejisumbua?

Aliyekibuni ni mhandisi Hidaya Shehoza, binti wa seremala kiziwi. Kwa miaka mingi aliongea na baba yake kupitia punje ile, huku akipika, huku akisoma taarifa za maabara. Kidaka kiliona pande zote, kwa hiyo hakikuyadai macho yake.

Baba alipofariki, Hidaya hakulia. Alizika, akapokea pole, akarudi kazini moyo umekufa ganzi. Jambo moja tu alilitaka: siku ya arobaini, katika klabu ya viziwi alikoshinda baba yake, amuage kwa mikono yake mwenyewe. Na mikono ilikuwa imesahau.

Akamwendea Bi Mwantumu, mshonaji kiziwi aliyekua pamoja na baba yake. Bi Mwantumu hakujibu hata shikamoo. Alinyoosha kiganja tu, mpaka Hidaya alipobandua kidaka na kumkabidhi.

Wakafanya mazoezi kila jioni, katikati ya vipande vya vitambaa. Vidole vya Hidaya vilikuwa vizito, na Bi Mwantumu alimcheka waziwazi. Hatimaye sentensi zikakaa sawa. Likabaki jina, kwani pale klabuni hakuna asimamaye kusema kabla ya kujitaja kwa jina lake la ishara.

Hidaya akagusa meno ya mbele. Utotoni aliitwa Mwanya.

Bi Mwantumu akatikisa kichwa. "Hilo la zamani," alisema kwa ishara, polepole. "Baba yako alikubadilishia. Hukujua, mwanangu?"

Akaelekeza vidole viwili kutoka machoni mwake, kisha akavigeuzia ukutani.

Hidaya hakuelewa. Akaomba kidaka chake, akakibandika. "Rudia, Bi, tafadhali."

Macho, kisha ukuta.

"Hidaya," ikasema sauti sikioni.

Akakumbuka. Wateja walikuwa wamelalamika kwamba majina ya ishara yanawachanganya, na yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza mashine iyageuze yote kuwa majina ya kwenye kitambulisho. Hidaya, umekula? Hidaya, nakuongelesha. Miaka yote hiyo baba yake alikuwa akimwita Atazamaye Kando, na yeye akiitika kwa upole.

Alingoja uchungu uje, haukuja. Alihisi baridi tu.

"Alinikasirikia?"

"Mwanzoni alikuwa anakutania, ili ugeuke. Hukugeuka. Likawa jina."

"Basi nipe jingine, Bi."

"Jina hujichagulii. Na aliyekupa hilo tumemzika."

Siku ya arobaini taa za klabu zilizimwa na kuwashwa, kama viziwi waitanavyo, na watu wote wakageuka. Hidaya akasimama mbele bila kidaka. Viziwi walijaa mbele, na nyuma walikaa ndugu zake wasikiao, kila mmoja na punje yake kando ya jicho.

Akaelekeza vidole viwili kutoka machoni mwake, akavigeuzia ukutani.

Nyuma kule walisikia, "Naitwa Hidaya," wakaendelea kunywa chai. Mbele hakuna aliyetikisika. Walikuwa wakilijua jina hilo siku nyingi.

Hidaya akawatazama usoni, mmoja mmoja, kisha akaanza kumuaga baba yake.