Jiwe la Saa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya mabati ya mtaa wa Mususa, mjini Butembo, Rébecca alifungua mlango wa karakana ya mama yake. Alifagia vipande vya waya, akapanga bisibisi kwa ukubwa wake, kisha akaketi kwenye kigoda chake kando ya meza ya kazi. Kigoda hicho kilikuwa chake tangu siku ambazo miguu yake haikugusa sakafu, na hapo ndipo alipojifunza majina ya vyombo vyote vya mama.

Mama yake, Kanyere, alikuwa fundi wa redio, ampli za kukuza sauti makanisani na taa za sola. Wateja wageni waliingia wakamuuliza fundi yuko wapi, naye alicheka tu na kuwaonyesha mahali pa kuweka redio. Rébecca aliupenda sana mchezo huo. Alijiona kama nusu ya fundi.

Mambo yalibadilika mwaka wa shule ulipoanza. Abigaïl, binti wa kaka yake Mama Kanyere, aliletwa kutoka Beni kuja kusoma Butembo, kwa sababu katika mtaa wao wa Ruwenzori usalama ulikuwa hautabiriki. Baba yake pia alikuwa fundi, na Abigaïl aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, mmoja tu zaidi ya Rébecca, alishika chuma cha kuunganishia waya bila kutetemeka. Siku ya tatu Mama alimwita karibu ili ashike waya wa ampli. Ili aone vizuri, akamkalisha kwenye kigoda. Hakuna aliyemuuliza Rébecca kitu. Tangu siku hiyo Abigaïl alikalia kigoda na Rébecca alikalia ndoo iliyofunikwa.

Wivu ukamwingia, na haukuwa wivu mdogo. Abigaïl akisifiwa mezani, Rébecca alisukuma sahani yake kando. Mteja mmoja alipomtazama Abigaïl na kumwambia Mama kwamba binti yake anajua kazi, Mama alicheka bila kumsahihisha. Usiku huo Rébecca alimgeuzia binamu yake mgongo kitandani, akajifanya amelala.

Kisha multimita ya Mama ikafa. Hiki ni kipimo cha umeme, chombo ambacho mafundi wa Butembo hukiita testeur, na fundi asiyekuwa nacho anapapasa gizani. Mama alikuwa na ampli ya kwaya ya kumaliza kabla ya Jumapili, tena wahudumu wa kituo cha uzazi, maternité ya Vulamba, walikuwa wanamngoja Jumatatu aje kukagua taa yao ya sola. Kama angeifanya vizuri kazi hiyo, wangemkabidhi taa zote za jengo. Akaamua kuwatuma wasichana dukani kwa Baba Syauswa, mjini kati.

Mama aliwaeleza namna ya kuchagua. Wasidanganywe na rangi wala wingi wa vitufe. Waangalie waya zake ziwe nene, na ncha zake zikigusana kipimo kilie. Halafu akachukua jiwe moja jipya, yaani betri ndogo ya kutia kwenye saa au redio, akalifunga ndani ya kitambaa.

"Hii jiwe iko mupya," alimwambia Abigaïl. "Testeur yenye itasema moja na nusu, ao kidogo juu, ile ndiyo ya kweli. Wewe utachagua. Rébecca atabeba kifuko."

Atabeba kifuko! Rébecca alisikia masikio yanawaka. Yeye aliyezaliwa katika karakana ile abebe kifuko, na mgeni achague!

Abigaïl alipokwenda kuvaa viatu, Rébecca aliingia sebuleni. Ukutani palikuwa na saa iliyokuwa ikichelewa wiki nzima kwa sababu jiwe lake lilikuwa limechoka. Akaitungua, akatoa jiwe lile, akatia jipya mahali pake. Jiwe lililochoka akalifunga ndani ya kitambaa. Yote mawili yalikuwa na rangi moja na alama moja. Alifikiri hivi: vipimo vyote vitaonyesha namba ndogo, Abigaïl atachanganyikiwa, atarudi mikono mitupu, na Mama ataona kwamba huyu wa Beni hajui mambo kama anavyodhani.

Dukani, Baba Syauswa aliwawekea multimita tatu mezani. Abigaïl aliikataa ya kwanza, iliyong'aa kuliko zote, kwa sababu waya zake zilikuwa nyembamba kama uzi. Mbili zilizobaki zilikuwa na waya nzuri na zote zililia. Akatoa jiwe. Multimita nyeusi ilisema moja nukta mbili. Abigaïl akakunja uso, akarudia, ikasema vilevile. Kisha akajaribu ile ya manjano. Ikasema moja na nusu.

"Hii ndiyo ya kweli," alisema Abigaïl akitabasamu. "Ile nyeusi inadanganya."

Rébecca alisimama na kifuko chake mkononi. Yeye peke yake katika duka lile alijua kwamba jiwe lilikuwa limechoka, na kwa hiyo nyeusi ndiyo iliyosema kweli. Neno moja tu lingetosha. Lakini kulisema neno hilo kulikuwa kujitaja, tena mbele ya Abigaïl. Akanyamaza, wakarudi nyumbani na ile ya manjano.

Mama alifurahi. Jumapili baada ya misa alitazama ukutani, akasema kwa mshangao kwamba saa imepona yenyewe. Rébecca aliinamia sahani yake ya ugali.

Jumatatu Mama alikwenda Vulamba. Jua lilikuwa kali, na alipopima betri kubwa ya maternité, multimita ilionyesha karibu kumi na nne. Hiyo ni namba ya betri inayopokea umeme vizuri kutoka kwenye sola. Akawaambia hakuna tatizo, akarudi kwake akiimba.

Mchana wa Jumanne, wasichana wakiwa wamerudi kutoka shuleni, Mama Léa, mkunga wa pale, alisimama mlangoni mwa karakana. Hakupaza sauti. Alieleza kwamba taa ilizimika mama mmoja akiwa katikati ya uchungu, na mtoto amezaliwa kwa mwanga wa simu. Mtoto na mama yake walikuwa wazima, Mungu alisaidia. Lakini alimaliza kwa kusema kwamba watatafuta fundi mwingine.

Mama Kanyere alibaki ameketi, mikono juu ya magoti. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyepima, kwa hiyo kosa ni lake. Maneno hayo yalimchoma Abigaïl kuliko matusi. Aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake ndani ya begi huku machozi yakidondoka juu yake. Alisema atarudi Beni, kwani amechagua vibaya na kumharibia shangazi yake jina.

Rébecca alimtazama akiwa mlangoni. Hiki ndicho alichokuwa akikitamani tangu shule ilipofunguliwa: Abigaïl aondoke, kigoda kirudi. Sasa kilikuwa kinakuja, naye hakukitaka tena.

Mama aliwaita wote wawili. Alichukua jiwe jipya kutoka kwenye pakiti, akalipima kwa multimita ya manjano. Ikasema mbili. Akalipima lingine. Mbili tena.

"Jiwe ya namna hii haiwezi kusema mbili," Mama alisema polepole. "Donc testeur inaongeza. Mais kule dukani, Abigaïl, ulisema ilikuonyesha moja na nusu na jiwe mupya. Namna gani?"

"Ni vile ilisema, Tante," Abigaïl alijibu. "Ile nyeusi ndiyo ilisema moja na mbili. Nikaiacha."

Kutoka sebuleni saa ilisikika ikipiga tik, tik, bila kuchelewa hata kidogo. Rébecca alitoka, akarudi ameikumbatia saa kifuani, akaiweka mezani.

"Mama, saa haikupona yenyewe," alisema. "Jiwe mupya iko humu. Abigaïl nilimupatia ile ya kuchoka."

"Juu ya nini?" Mama aliuliza.

Rébecca alikitazama kigoda. "Juu unamupenda kunipita. Ulimupatia hata kigoda yangu."

Abigaïl alimkodolea macho, begi bado mkononi. Mama hakumpiga Rébecca wala kumfokea. Alichukua bisibisi, akafungua mgongo wa multimita ya manjano. Ndani mlikuwa na betri yake ya pembe nne, ile inayoendesha kipimo chenyewe. Akaitoa, akatia mpya iliyokuwa akiba ya maikrofoni za kwaya, akapima tena jiwe jipya. Ikasema moja na nusu na kidogo juu. Akapima lililochoka. Moja na mbili.

Alijifunga kitenge chake vizuri, akawaambia washike vyombo, wanakwenda Vulamba, na kwamba mwenye kusema na Mama Léa ni Rébecca.

Njia ya kwenda Vulamba haikuwahi kuwa ndefu vile. Mbele ya mkunga, Rébecca alieleza yote, kuanzia jiwe la saa, na sauti yake ilikatika mara mbili. Mama Léa alimsikiliza bila kutabasamu. Alisema kwamba yule mtoto mchanga hajui neno wivu, na angeweza kufa kwa wivu wa mtu asiyemfahamu. Kisha akawafungulia chumba cha betri.

Safari hii Abigaïl alishika waya nyekundu na Rébecca akashika nyeusi. Multimita ilisema kumi na moja, wakati jua lilikuwa kali nje. Betri haikuwa ikipokea umeme. Wakaufuata waya wa sola mpaka kwenye dari, wakakuta mahali ulipoliwa na kutu. Mama aliukata, akauunganisha upya, na namba ikaanza kupanda taratibu. Mama Léa aliwaambia atangoja aone usiku. Kesho yake alituma ujumbe mfupi kwa simu: taa imewaka mpaka asubuhi, fundi aje kuangalia na zile nyingine.

Mama alipousoma ujumbe huo aliwaita wasichana wakae naye. Begi la Abigaïl lilikuwa limekwisha kufunguliwa. Mama alishika mkono wa Rébecca.

"Mi pia nilikosa," alisema. "Nilitoa kigoda yako bila kukuuliza. Mais sikiliza. Ile testeur haikukuwa mubaya. Ilikuwa na jiwe ya kuchoka mu tumbo, na jiwe ya ndani ikichoka, kila kitu inapima inakiona kikubwa kupita vile kiko. Na wewe ni vile. Nilimupatia mwenzako kigoda, wewe ukasoma kwamba nimemupatia roho yangu yote. Jalousie, ule wivu, iko vile, mwanangu. Haikufungi macho. Inakuongezea namba."

Rébecca alilia, safari hii bila kujificha. Akamwomba Abigaïl msamaha. Abigaïl akajibu kwamba amemsamehe, ingawa bado inamuuma.

"Iache iume, itapoa," Mama alisema, akarudisha bisibisi mahali pake. "Rébecca, testeur ninaifungua na tournevis, ninaona penye imechoka. Mutoto siwezi kumufungua. Mutoto anapashwa kufunguka yeye mwenyewe, kwa kusema. Siku ingine roho yako ikichoka, kuja uniambie, kabla ya kugusa saa."