Picha ya Mama Haikuwa Uchafu

Sella ni mchoraji. Anakaa na mama yake, Annet, katika chumba cha kupanga huko Sarang'ombe, Kibera. Mama huuza mboga mlangoni, naye Sella huchora ndani, karibu na dirisha.

Mwaka jana Annet aliugua saratani. Madaktari walimkata titi la kushoto. Alipopona, alimwambia bintiye, "Nichore hivi nilivyo. Nataka kujiona bila kuogopa."

Alikaa kitini kifua wazi, kovu likionekana. Picha ilipokamilika, aliitazama sana. "Ni mimi," alisema.

Sella alifurahi. Aliipiga picha kwa simu, akaiweka katika kikundi cha wachoraji mtandaoni. Jioni haikuwepo. Ujumbe ulisema: "Imeondolewa. Ina uchi." Tena alifungiwa asiweke kazi nyingine kwa muda. Hilo lilimuumiza, kwa sababu wateja wake wengi humpata humo.

Kesho yake alienda Kawangware kwa rafiki yake Kathini. Kathini pia huchora, na ni mmoja wa wasimamizi wa kikundi hicho.

"Eti uchi! Mama yangu ni uchafu?"

"Hapana. Keti kwanza. Ulisoma sheria zetu?"

"Nani husoma hizo vitu?"

Kathini alicheka kidogo. "Picha ikiingia, kompyuta huiangalia kwanza. Ikiona kifua wazi, inaitoa. Haijui kovu. Lakini sheria inaruhusu mwili wazi wa mtu mzima kwenye sanaa, bora isiwe ngono. Unaweka alama ya watu wazima. Picha inafunikwa, anayetaka anaifungua. Halafu unaandika maelezo."

"Kufunikwa si ni kufichwa?"

"Mwingine anafungua simu akiwa na watoto kando yake. Mwingine leo hataki kuona ugonjwa. Tunamwachia achague. Hata mimi naona sheria zingine zinabana, na huwa tunabishana. Lakini unaweza kuomba picha itazamwe tena na mtu, si mashine."

"Basi niombe sasa hivi."

"Ngoja. Kuna swali ambalo kompyuta haikuuliza. Mama alikubali picha iwekwe mtandaoni?"

Sella aliirudisha simu mfukoni. Mama alikubali kuchorwa. Mambo ya mtandao hawakuwa wameyazungumza kabisa.

Alirudi nyumbani akamweleza mama yote. Annet aliacha kukata sukuma wiki.

"Watu wangapi waliniona?"

"Sijui, Mama. Nisamehe. Nilifaa kukuuliza kwanza."

"Nilikubali wewe unione. Kanisani hawajui hata kwamba nilikatwa. Ulitaka wajue kwa simu?"

Sella alilia. Alisema ataifuta hata kwenye simu yake.

"Usifute," mama alisema. "Nipe muda."

Jumapili ibada ilipoisha, Annet alibaki na akina mama wenzake. Aliwaambia kwa mdomo wake mwenyewe. Alirudi macho mekundu, lakini mabega yake yalikuwa yamelegea.

"Sasa omba irudishwe," alimwambia Sella. "Na hayo maelezo nitasema mimi, wewe uandike."

Sella aliandika: "Naitwa Annet. Nilikatwa titi na bado niko hai. Binti yangu alinichora, na nimekubali muone." Akaweka alama ya watu wazima, akatuma ombi. Msimamizi mwingine aliipitia. Picha ikarudi, safari hii ikiwa imefunikwa, na Sella akafunguliwa.

Wengi waliipita bila kuifungua. Waliofungua waliandika maneno ya heshima. Mwanamke mmoja aliuliza, "Mama, ulijuaje una ugonjwa?"

Annet alichukua simu, akajibu kwa kurekodi sauti. "Nikioga nilishika uvimbe mgumu. Haukuuma, kwa hivyo nikachelewa. Wewe usingoje uume. Nenda kliniki wakuangalie."

Jibu likaja. Sella alimsomea: "Hata mimi niko na uvimbe. Naogopa. Nitaenda kesho."

Annet alisogea karibu na simu. "Muulize anakaa wapi," alisema. "Asiende peke yake."