Ukurasa wa Mama

Haya hayakumpata jirani wa jirani. Yalimpata shemeji yangu, mume wa dada, fundi wa programu. Ndiye aliyetengeneza tovuti ya hospitali, ambayo kila mgonjwa ana ukurasa wake humo, ndugu waangalie hali yake. Ni mtu wa utani, hata ndoto zake mwenyewe haziamini.

Seva yao, kompyuta inayoendesha tovuti hiyo, ilikuwa na kumbukumbu finyu. Ili isielemewe, aliiwekea kikomo: nakala za kurasa arobaini tu, zile zinazoitwa, yaani kufunguliwa, mara kwa mara. Ya arobaini na moja ikiingia, hutupwa ile iliyokaa muda mrefu zaidi bila kusomwa. Kutupwa si neno, ukurasa wenyewe ungali salama ghalani, kwenye diski.

Jumanne asubuhi, chai mkononi, aliona nakala moja haitoki. Ilikuwa ya mzee aliyefariki mwezi uliopita. Ilisomwa kila dakika, na msomaji alikuwa ndani ya seva yenyewe. Akaifuta. Ikarudi.

Akapitia zilizotupwa asubuhi ile. Zilikuwa tatu. Akapiga simu wodini. Wagonjwa wote watatu walikuwa wamekufa, kila mmoja dakika chache baada ya ukurasa wake kutupwa. Chai ikamshinda.

Mkiani mwa orodha, wa kutupwa baada ya hao, alikuwa mama yetu, aliyelazwa humo kwa ugonjwa wa mapafu.

Alinipigia akinong'ona. "Shemeji, fungua ukurasa wa mama. Ukifunguka, fungua tena. Usiniulize."

Niliogopa, sitasema uongo. Siku mbili tulipokezana, mimi, yeye na dada. Mama akapata nafuu, akaruhusiwa. Tukamshukuru Mungu, tukazima simu, tukalala mchana kutwa.

Tulipoamka, shemeji alichungulia orodha. Nakala ya mzee haikuwepo. Ya mama ilikuwa juu kabisa. Ilisomwa kila dakika. Msomaji alikuwa ndani ya seva.

Sasa wakubwa wa hospitali wanataka seva izimwe Ijumaa, iongezewe kumbukumbu. Ikizimwa, nakala zote zinafutika. Shemeji amekataa, na kazi inamponyoka. Mimi namsihi asikubali.

Jana nilikwenda kwa dada kumwona mama. Akaniuliza taratibu, dada asisikie, kwa nini simwachi alale.

"Kila dakika unaniita," alisema. "Nageuka, hupo."

Nikamshika mkono nimtulize. Ulikuwa baridi. Nikautafuta mshipa unaodunda. Nikautafuta tena. Sikuupata.

Mama akageukia ukutani, akaitika.

"Naam, mwanangu."