Tundu Dogo Kwenye Mpira wa Mafuta

Kila Ijumaa ya likizo, umande ukiwa bado haujakauka, Greta Tollefson alilizunguka trekta la bibi yake akilipaka grisi. Trekta lenyewe lilikuwa dogo, halikumfika kifuani, na umri wake ulizidi ule wa mama yake. Nyuma lilifungwa mtambo wa kuchimbia wenye ndoo ya chuma. Bibi Marlys alilitumia kuchimba makaburi ya kanisa lao huko Wisconsin, kwa sababu katapila kubwa lisingepita kati ya makaburi bila kuangusha mawe.

Ijumaa hii alikuwa na hamu zaidi, kwani kesho yake yalikuwa maonyesho ya matrekta ya zamani. Greta, mwenye miaka kumi na miwili, angeshindana kuchota yai kwa kijiko kilichofungwa kwenye ndoo, bila kulivunja. Tangu theluji iyeyuke alikuwa akifanya mazoezi, na mayai aliyoyavunja hayahesabiki.

"Linavuja," alisema binamu yake Kurt, akionyesha majani yaliyolowa mafuta.

Bibi Marlys, aliyekuwa akiujaribu mtambo, alizima injini, akainama kutazama. "Mpira mmojawapo wa kupitishia mafuta umetoboka. Msiguse kitu. Naenda kutafuta kipande cha boksi, nikirudi tutajua ni upi."

Greta aliona huko ni kupoteza muda. Boksi la nini, na vidole vipo?

"Kurt, washa. Halafu vuta kidogo huo wenzo wa kuinulia ndoo."

"Bibi kasema tungoje."

"Unaogopa trekta la bustani? Vuta bwana, wacha uoga."

Kurt akavuta. Greta akapitisha kidole kando ya mipira, taratibu. Mara akahisi kama amechomwa na mwiba. Akakitazama kidole: kidoa kimoja chekundu, hata damu hakuna.

"Vipi?" aliuliza Kurt.

"Hamna kitu. Zima."

Alijua akisema, kesho atakaa na watazamaji. Akajifuta kwenye suruali, akanyamaza.

Bibi alirudi baada ya nusu saa, maana simu ya mchungaji ilimnasa jikoni. Alivaa miwani ya kazi, akawasha injini, akamwambia Kurt avute wenzo. Kisha akapitisha boksi polepole kando ya mipira, mikono yake ikiwa mbali.

Boksi likatoboka. Hakuna aliyeona kitu kikitoka kwenye mpira. Tundu lilitokea tu, likapenya hadi upande wa pili, na mafuta yakachuruzika. Kidole cha Greta kilikuwa kimevimba na kufa ganzi, na sasa alielewa kwa nini.

"Bibi," alisema, "mimi nilitumia kidole."

Bibi hakufoka. Uso ulimpauka kama unga. "Lini?"

"Ulipokuwa ndani."

"Kurt, zima. Ingieni kwenye gari, wote wawili."

Hospitalini muuguzi alitazama kile kidoa, akawaambia wakae wangoje zamu.

"Dada, usitazame ukubwa wa tundu," alisema Bibi. "Ni mafuta ya mtambo, yameingia ndani kwa kasi, na yanaua nyama. Mwite daktari wa upasuaji."

Muuguzi alishtuka, akaondoka mbio.

Greta alipozinduka kutoka usingizi wa dawa, mkono ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Daktari alikuwa amekipasua kidole kutoka ncha hadi kiganjani, akayasafisha mafuta yote.

"Kidole kimebaki," alimwambia. "Ungenyamaza mpaka kesho, tungekikata."

Kwa ajili ya yai moja! Greta alilia bila kujificha.

Bibi Marlys alimgeukia Kurt, aliyejikunyata pembeni. "Na wewe, nani alikutuma kuwasha?"

"Mimi," alisema Greta haraka. "Alikataa, nikamwita muoga. Asilaumiwe yeye."

Bibi alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Kutia kidole lilikuwa kosa la haraka, hata mimi nimewahi kuwa na haraka," alisema. "Lakini kidole hiki kilikuwa karibu kukatwa kwa sababu ya ile nusu saa uliyonyamaza. Ukiumia, sema papo hapo, hata kama kosa ni lako. Nikijua, naweza kukukimbiza hospitali. Nisipojua, nitakaa hapo kando yako nikinywa kahawa, na wewe unaharibika."